Nianze na filimbi gani kumwita koyoti?

SWALI

Ndugu mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mzaliwa wa Singida, kwa sasa naishi nje kidogo ya mji wa Abilene, Texas. Nina mbuzi 32 kwenye ekari 40, na jirani yangu mwenye ranchi kubwa ameniruhusu kuwinda koyoti kwake muda wowote nitakao. Tangu mwezi wa nane nimepoteza watoto wa mbuzi wanne. Wawili niliwakuta wakiwa na matundu ya meno kooni.

Bunduki ninayo, darubini ninayo, kozi ya uwindaji nimemaliza. Kinachonishinda ni kuwaita. Dukani nilikuta ukuta mzima wa filimbi, nikachukua ile ndogo ya bapa inayokaa ndani ya kinywa kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu. Nikiiweka nataka kutapika, na sauti inayotoka ni ya bata.

Nimetoka mara nne. Naegesha pikapu langoni, napanda juu ya tuta la bwawa la kunyweshea ng'ombe ili nione mbali, nageukia korongo lenye miti. Nahakikisha upepo unanipiga mgongoni ili usukume sauti mbele. Napuliza mfululizo kama dakika kumi, nisipoona kitu nahamia sehemu nyingine. Mara ya tatu nilisikia mmoja akibweka kule korongoni, tena kwa muda mrefu, lakini hakutokea.

Shemeji yangu ananiambia niachane na filimbi, ninunue spika yenye rimoti ya dola 500, ina sauti zaidi ya mia. Mimi nimetenga dola 150 tu. Nianze na kipi? Na kosa ni la filimbi au ni langu?

Mfugaji, Abilene

JIBU

Ndugu mfugaji, pole sana kwa wanambuzi hao.

Nikujibu la mwisho kwanza. Filimbi yako ina lawama kidogo, upepo una lawama nyingi. Yule aliyebweka korongoni alikusikia, akaja, akanusa binadamu, akasimama mbali kuwatangazia wenzake. Koyoti akibweka vile, kwa kurudia na bila kusogea, anatoa onyo. Maana yake ni kwamba hata ile sauti ya bata ilimtoa alikolala. Jipe moyo kwa hilo.

Kuhusu ununuzi: chukua filimbi ya ulimi uliofunikwa, ya kilio cha sungura, ambayo huuzwa kati ya dola 10 na 20. Ongeza filimbi moja ya ulimi wazi, dola 15 hadi 30, ya kujifunzia taratibu ndani ya gari. Ongeza na kipira cha kuminya kinacholia kama panya, karibu dola 10. Hapo umetumia dola 60 kwa juu kabisa. Zilizobaki zitunze, nitakuambia chini zitumike lini.

Kwa wasomaji wasiomjua, koyoti ni mbwa wa porini wa Amerika, wa ukoo mmoja na bweha wetu, mwenye uzito wa kilo 9 hadi 20 hivi. Anakula panya, sungura, matunda, mizoga, na mwanambuzi akimpata. Mwindaji hamfuati kwa miguu. Anakaa kimya, anatoa sauti ya mnyama mdogo aliye taabuni, koyoti anakuja kutafuta mlo.

Ulimi ni kile kipande chembamba kinachotetemeka pumzi ikipita, kama ulimi wa zumari. Tofauti ya filimbi hizi zote iko hapo.

Katika filimbi ya ulimi uliofunikwa, ulimi umefichwa ndani ya mrija wa mbao au plastiki. Mdomo wako haugusi ulimi kabisa. Unapuliza, filimbi inalia. Ndiyo maana anayeanza anaweza kutoa kilio cha kuaminika siku ileile aliyoinunua. Upungufu wake ni kwamba kimo cha sauti kimeshapangwa kiwandani: ya sungura itabaki ya sungura. Kwa miezi yako ya mwanzo hilo ni faida, maana hakuna cha kukosea.

Namna ya kuishika ina uzito wake. Ibane kati ya dole gumba na kidole cha shahada, tundu la mbele likiwa ndani ya kiganja, na kiganja cha pili kikilifunika kama unavyokinga upepo usizime kiberiti. Puliza kutoka tumboni. Mashavu yakivimba ujue unapuliza vibaya. Kila mlio uanze kwa kishindo kisha ushuke na kufifia, huku ukifungua na kufunga kiganja: waaa-a, waaa-a, waaa-a. Mlio mmoja usizidi sekunde moja. Toa sita hadi nane, vuta pumzi, rudia. Wewe ni mfugaji, umeshamsikia mwanambuzi aliyenasa shingo kwenye waya: sauti inapanda, inakatika, inarudi dhaifu zaidi, halafu inalipuka tena. Fuata hofu ile ile. Wanaoanza wengi hukosea kwa kupuliza sawasawa kama mlinzi wa zamu, milio yote urefu mmoja na nguvu moja. Mnyama anayekufa hana mpangilio.

Filimbi hii huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mate. Ukipuliza muda mrefu, mate hujaa chini ya ulimi na sauti hukwama au hukatika katikati ya mlio. Ikung'ute kwa nguvu ukielekeza tundu chini, au ivute hewa kwa nyuma kidogo. Asubuhi za Januari, kule kwenu joto likishuka chini ya sifuri, mate hayo huganda na filimbi hunyamaza kabisa. Iweke mfuko wa ndani wa jaketi, karibu na mwili, mpaka dakika ya kuitumia. Ya pili ni uchafu: nyuzi za mfukoni, makombo, unga wa tumbaku. Punje moja chini ya ulimi inatosha kuufunga. Nyingi zina ulimi wa chuma ambao pia huchoka kwa matumizi, sauti ikaanza kupasuka, kwa hiyo kagua dukani kama ulimi unachomoka na kubadilishwa. Usiichokoe kwa sindano. Ukiupinda ulimi kidogo tu, sauti haitarudi.

Filimbi ya ulimi wazi ni hadithi nyingine. Ulimi wa plastiki nyembamba umelala juu ya kibao chenye mfereji, na unauingiza kinywani. Midomo ndiyo inayopanga sauti. Ukibana karibu na ncha, sehemu inayotetemeka ni fupi, sauti inakuwa nyembamba kama ya panya au ndege. Ukisogeza midomo ndani zaidi, kuelekea kwenye mrija, sauti inakuwa nzito: sungura mkubwa wa nyikani, mtoto wa paa, hata koyoti mwenyewe. Ukiminya zaidi, inapanda. Filimbi moja inakupa sauti zote hizo, na haigandi upesi kwa sababu ulimi uko nje na unaweza kuupangusa kwa kidole. Gharama yake ni mazoezi. Jipe dakika kumi kila siku kwenye gari kwa wiki tatu au nne, madirisha yakiwa yamefungwa ili familia ipumzike. Jirekodi kwa simu, kisha isikilize ukiwa umesimama hatua hamsini kutoka ilipo, maana sauti uisikiayo ukiwa na filimbi mdomoni siyo imfikiayo koyoti. Usiipeleke porini mpaka uweze kutoa milio kumi mfululizo bila kuteleza na kutoa mlio wa bata.

Bata huyo huyo ndiye aliyekutesa kwenye ile ya bapa, ambayo wawindaji huiita diaframu. Ni utando wa mpira uliotandikwa kwenye fremu ya nusu duara, ukakaa kwenye kaakaa. Kichefuchefu hutokea pale ukingo wake wa gundi unapogusa nyuma ya kaakaa. Ukipenda, punguza ukingo huo kwa mkasi, milimita moja kwa wakati, bila kugusa fremu. Usiitupe. Ni nzuri siku utakapokuwa na uzoefu, kwa kuwa inaacha mikono yote miwili kwenye bunduki. Ila ihifadhi kwenye friji ndani ya kikopo. Ukiiacha kwenye gari, joto la Texas huozesha mpira ule ndani ya muda mfupi.

Kipira cha kuminya hakihitaji maelezo mengi. Kifunge kwa utepe kwenye mbao ya mbele ya bunduki, pale mkono wa kushoto unaposhika. Koyoti akishaingia ndani ya mita 60 akasimama kusita kichakani, minya mara mbili kwa kidole. Hapo filimbi kubwa itamshtua, na kuinua mkono mdomoni kutakufichua.

Sasa upepo, na hapa naomba usome mara mbili.

Mabaharia wa pwani yetu wana maneno mazuri kwa jambo hili: upande upepo unakotoka ni goshini, na upande unakoelekea ni demani. Koyoti anayesikia kilio haji kwa mstari ulionyooka. Macho na masikio humleta karibu, kisha huzunguka mpaka afike demani ya sauti, anyanyue pua, ahakikishe kama kweli kuna sungura. Hufanya hivyo mara nyingi mno kiasi kwamba inabidi upange kila kikao, yaani kila mahali unapokaa kumwita, ukiamini atafanya. Wewe uligeukia korongo huku upepo ukikupiga mgongoni, yaani korongo lote liko demani yako. Kila koyoti aliyeinuka mle kuifuata sauti alikutana na harufu yako, ya sabuni yako na ya mafuta ya pikapu. Sauti ilikwenda mbali, ni kweli, na harufu ikaandamana nayo.

Unachokitaka ni upepo wa shavuni. Tuseme upepo unatoka kaskazini, kama inavyokuwa kwenu baridi inapoingia, na korongo limelala kaskazini hadi kusini. Asubuhi kaa upande wa mashariki wa korongo, ukitazama magharibi, jua likiwa nyuma yako na machoni mwake. Upepo utakupiga shavu la kulia. Koyoti atatoka mbele yako na kupinda kuelekea kushoto, kusini, ili apate harufu. Kwa hiyo kushoto kwako ndiko kuwe na uwanja wazi, mita 100 hadi 150 zisizo na kichaka, umwone na umpige kabla hajavuka mstari wa harufu. Kama kushoto kuna vichaka vizito, hicho si kikao, tafuta kingine. Jioni geuza: kaa magharibi ya korongo utazame mashariki, upepo ukupige shavu la kushoto, uwanja wazi uwe kulia. Beba chupa ndogo ya poda ya mtoto. Minya kidogo ukifika uone vumbi lake linapeperuka kuelekea wapi, na tena katikati ya kikao, maana upepo wa asubuhi hugeuka jua linapopanda. Upepo ukizidi kilomita 25 kwa saa, baki nyumbani utengeneze uzio.

Juu ya tuta usipande tena. Mtu aliyekaa kileleni mbingu ikiwa nyuma yake anaonekana kama mnara wa simu. Shuka, egemea kichaka kilicho kipana kuliko mabega yako, kaa kwenye kivuli chake. Ile miti ya mesquite iliyowazunguka ni ndugu wa mathenge ya Baringo, ina miiba ile ile na kivuli cha madoadoa, na kinafaa sana kuficha mtu. Ng'oa majani ya mbele yanayozuia mtutu, weka bunduki kwenye vijiti vya kuegemeza ikiwa tayari imeelekea upande wa demani. Funika uso na mikono. Vitu viwili hivyo hung'aa na kucheza kuliko mwili wote.

Na pikapu isiachwe langoni inapoonekana. Ifiche nyuma ya mwinuko, funga mlango kwa kuusukuma taratibu mpaka ubonyee, kisha tembea mita 300 au 400 bila maongezi, simu ikiwa imezimwa mlio. Kikao kizuri huharibika hapo hapo, kati ya mlango wa gari na kichaka.

Ukishakaa, nyamaza dakika tatu. Kisha anza kwa sauti ndogo, sekunde 20 hadi 30, kwa sababu anaweza kuwa amelala mita 80 kutoka ulipo, na mlipuko wa ghafla utamfukuza. Sikiliza dakika mbili. Rudia kwa sauti kubwa zaidi, sekunde 30 au 40. Nyamaza tatu. Endelea hivyo kwa dakika 20 kamili, na kwenye uwanda ulio wazi sana nusu saa. Wewe ulipuliza kumi mfululizo ukaondoka. Ukipuliza bila kupumzika, unajiziba masikio, unacheza kichwa na mikono, na unampa koyoti nafasi ya kukutazama akiwa anakuja, kwa sababu sauti inamwonyesha ulipo kwa usahihi wa kutisha. Akikumbuka sehemu ilipotoka sauti, atakuja hata kama umenyamaza. Wengi hufika kwenye ukimya.

Akitokea anakimbia, usiharakishe. Bweka kwa mdomo wako, "wup!" moja, mara nyingi atasimama sekunde mbili. Ukimkosa, usisimame. Hapo filimbi ya ulimi wazi itakufaa kwa mlio wa mtoto wa koyoti aliyepigwa, ki-yi-yi-yi, wa haraka na mwembamba. Mwenzake anaweza kurudi. Ukihama, nenda angalau kilomita moja kabla ya kukaa tena, na kikao ulichotumia kipumzishe wiki tatu au nne. Koyoti aliyedanganywa na sauti moja mahali pamoja akanusurika hujifunza, na ranchi moja ukiipigia filimbi kila Jumamosi utakuwa umewasomesha wote.

Sauti zenyewe hubadilika na majira. Kuanzia mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili watoto wa mwaka huo wanatawanyika kutoka kwa wazazi, hawajui mengi, wana njaa. Kilio cha sungura kinatosha, na hicho ndicho kipindi bora cha kuanza. Januari hadi Machi wanapandana. Chakula hakiwasumbui kama mpinzani anavyowasumbua, hivyo mlio mrefu wa koyoti mmoja, wa kupanda na kushuka, ukifuatwa na ukimya wa dakika tano, huleta jozi. Usianze na mlio wa kutisha wa dume anayedai eneo. Koyoti mchanga akiusikia hujificha. Mimba ni kama siku 63, na watoto huzaliwa Aprili na Mei. Kipindi hicho mlio wa mtoto anayelia huwatoa wazazi kwa kasi kuliko sungura yeyote.

Nirudi kwa shemeji yako, maana hakukosea kabisa. Faida kubwa ya spika yenye rimoti ni kwamba inaondoa macho ya koyoti kwako. Unaiweka mita 30 hadi 40 kutoka ulipokaa, goshini kidogo au shavuni, ili akiizunguka kutafuta harufu yake apite mbele ya bunduki yako. Mikono yako inabaki imetulia. Kwa mtu anayewinda peke yake hilo ni jambo kubwa. Lakini sauti zaidi ya mia ni za kupamba tangazo. Mwindaji hutumia tano au sita: sungura mdogo, sungura mkubwa, panya, ndege, mtoto wa koyoti, na mlio mrefu. Mashine ndogo ya dola 100 hadi 150 inazo. Unapoichagua, tazama ukubwa wa spika kabla ya idadi ya sauti. Iwashe dukani kwa sauti ya juu, na kama kilio kinapasuka na kukwaruza, iache. Tazama pia kama rimoti inaonyesha sauti ipi inacheza bila kuwasha kioo chenye mwanga mkali usoni pako alfajiri.

Mashine nayo ina magonjwa yake. Betri za kawaida hufa kwenye baridi. Tumia za lithiamu au za kuchaji, na uzitoe ndani kila msimu ukiisha, zisivuje zikala vyuma. Rimoti hushindwa kukiwa na tuta au mwili wako kati yake na spika, kwa hiyo ijaribu kabla hujarudi kukaa. Spika ikiwa chini kwenye nyasi ndefu humeza sauti yake. Ining'inize kwenye tawi la chini. Na usidhani simu na spika ndogo ya muziki vitafanya kazi hiyo. Muunganiko wake hukatika ukifika mita kumi na kitu, sauti ikapotea katikati ya kilio, na ujumbe ukiingia, koyoti wote wa bondeni watausikia.

Pamoja na hayo, nasisitiza uanze na filimbi. Aliyenunua mashine kwanza hukaa vibaya, upepo mbaya, akabadilisha sauti kumi na mbili kwa dakika kumi na mbili akidhani tatizo ni sauti. Filimbi yenye kilio kimoja inakulazimisha kurekebisha kikao. Ukishafanikiwa kuwaleta koyoti watatu au wanne mbele yako, hata kama hukuwapiga, basi zile dola 90 zilizobaki ziongezee kidogo ununue mashine ndogo. Filimbi utaendelea kuivaa shingoni kwa kamba, kwa sababu haina betri.

Kuhusu sheria, Texas haina msimu wa kufungwa kwa koyoti, na kuwaita kwa spika kunaruhusiwa. Majimbo mengine yana masharti tofauti kuhusu spika, taa za usiku na leseni, hivyo msomaji aliye kwingine aulize idara ya wanyamapori ya jimbo lake kwanza. Kwa kawaida unahitaji leseni ya uwindaji, ambayo mwaka wake huanza Septemba 1 na kuisha Agosti 31; sheria ya Texas inasamehe leseni pale koyoti anaposhambulia mifugo, anapokaribia kushambulia au alipotoka kushambulia. Kukaa ranchi ya jirani ukimwita yeyote ajaye ni jambo jingine, kwa hiyo kata leseni. Kozi uliyosoma ni lazima kwa aliyezaliwa Septemba 2, 1971 au baadaye; tembea na cheti. Ruhusa ya jirani iombe kwa maandishi. Barabara ya umma si mahali pa kufyatulia risasi.

Jambo jingine wasomaji wetu wa ughaibuni hulisahau. Sheria ya shirikisho la Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kumiliki au hata kushika bunduki na risasi, isipokuwa aangukie kwenye msamaha kama ule wa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, hazuiwi na kifungu hicho. Ukienda na mgeni kutoka nyumbani, ajiridhishe na hali yake kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla hujampa bunduki akushikie, hata kwa dakika moja.

Kilio cha sungura hakimwiti koyoti peke yake. Anakuja paka-mwitu, polepole, akikaa na kutazama. Anakuja mbwa wa jirani. Na anaweza kuja mwindaji mwingine aliyedhani amesikia mnyama, ndiyo sababu mgongo wako uwe kwenye kitu kipana na kidole kisikaribie kifyatulio mpaka umwone mnyama mzima na udongo ulio nyuma yake. Kama jirani ana mbwa wa kulinda kondoo, muombe awafungie; mbwa hao huifuata sauti wakiamini mnyama wao anauawa.

Mwisho, mbuzi wako. Matundu kooni kweli yanaelekeza kwa koyoti. Mbwa wa kufugwa kwa kawaida hurarua miguu ya nyuma na masikio bila mpango. Mara nyingi muuaji ni jozi moja yenye watoto, na unaweza kupiga koyoti watano wa ranchi ya mbali bila kuigusa. Kwa hiyo weka vikao vyako vya kwanza ndani ya kilomita moja na nusu kutoka zizini, fukia mizoga na kondo za nyuma siku hiyo hiyo, walaze wanambuzi ndani, na ukiweza pata mbwa mmoja wa ulinzi wa aina ya Great Pyrenees aliyekulia na mbuzi tangu akiwa mchanga. Koyoti utakayemwangusha mshike kwa glavu za mpira, ana viroboto na mara nyingi upele, na filimbi uliyoidondosha karibu naye ioshe kabla ya kuirudisha mdomoni.